Pijo Jekundu la Kaka Gona

Jumapili, 20 Julai 2025

Siku serikali itakapoandika historia ya kijiji chetu cha Ganda, itabidi ianzie kwangu, na kusema kweli sioni kwa nini iendelee na mtu mwingine. Ndiyo maana naandika daftari hili. Niwapunguzie kazi.

Leo baada ya ibada, kikao cha harusi kwa shemeji Janet, mjane wa kaka yangu Gona. Binti yao Kabibi anaolewa Jumamosi ya tarehe mbili Agosti na Marvin, kijana wa Matsangoni. Chai, mahamri, mbaazi. Nilikaa kiti chenye mgongo. Wengine mabenchi.

Ikafika ajenda ya gari la bibi harusi. Kamande akasimama. Huyu Kamande alikuja kutoka bara miaka kumi iliyopita na begi moja. Leo ana duka la rangi na vipuri pale njia ya Malindi, na gari jipya rangi ya fedha analoliogesha kila asubuhi kama mtoto mchanga. Akasema atambeba Kabibi bure, kwa heshima ya marehemu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na andazi mkononi.

Kabibi akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye angependa kwenda kanisani na gari la babake.

Wote wakanigeukia. Pijo la kaka Gona liko kwangu, chini ya mkorosho, tangu tumzike. Miaka saba. Shemeji akauliza kama bado ni gari ama limekuwa banda la kuku. Swali la mtego, maana ni vyote viwili.

Nikainuka. Nikawaambia injini haina neno, siku nzuri inawaka kwa ufunguo, siku nyingine kwa kusukumwa. Kilichobaki ni rangi, na rangi ni mimi. Nikawakumbusha kwamba mwaka wa tisini na nane niling'arisha magari ya Mwitaliano mmoja pale Malindi kwa mikono hii, na siku naondoka alilia mbele ya mbwa wake. (Nilikuwa nabeba ndoo za maji. Lakini maji ndiyo nusu ya kazi.) Nikaahidi Pijo litakuwa jekundu kama siku lilipotoka dukani, bila mkwaruzo hata mmoja.

Kabibi akauliza: hata mmoja, baba mdogo? Nikasema hata mmoja. Akainamia kikombe chake. Furaha ilimzidi.

Shemeji akakata shauri. Atakuja kuliona Alhamisi ya tarehe thelathini na moja. Likimridhisha, Kabibi ataingia kanisani na gari la babake. Lisipomridhisha, la Kamande. Mke wangu Pamela hakusema lolote njia nzima, ila kuuliza kuku wanaotagia kiti cha nyuma tutawahamishia wapi.

Jumatatu, 21 Julai

Ukaguzi. Nimelizunguka mara tatu, mikono nyuma.

Hali ni hii. Boneti lina rangi ya ufizi wa kizee. Paa limekuwa jeupe, ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chaki. Madoa ya utomvu wa mkorosho kila mahali. Mavi ya ndege, tabaka juu ya tabaka, mengine ya enzi za kaka mwenyewe. Ndani, kuku watano na mayai kumi na moja. Pamela alichukua mayai akasema angalau mwaka huu gari limeleta kitu nyumbani.

Sabuni ya unga, ndoo kumi na nne. Uchafu ukatoka, utomvu ukakaa palepale. Hapo ndipo akili za watu hutofautiana. Mwingine angekimbilia dukani. Mimi nilikumbuka siki ya mnazi. Marehemu mama alisafishia kila kitu nayo, hata sisi watoto. Nikapaka, utomvu ukalegea, nikajipongeza. Siki ikaniishia katikati ya paa, nikamalizia kwa mnazi wenyewe wa kunywa, uliogemwa asubuhi, ungali mtamu. Uliobaki kibuyuni haukuwa wa kuachwa uharibike. Nikajinyoosha kidogo.

Nilipoamka gari lilikuwa jeusi. Sisimizi, kutoka bampa hadi bampa, bila nafasi ya kuweka kidole. Nikiwa mkweli, kwa mbali liling'aa.

Pamela alikuja akasimama pembeni. Akauliza kama hii ndiyo ile rangi ya Mwitaliano.

Jumatano, 23 Julai

Jana yote kuosha sisimizi. Sitaki kuandika habari za jana.

Leo nimekwenda dukani kwa Kamande. Si kuomba ushauri. Nilimwambia nina rafiki yangu wa Junju, gari lake jekundu limepauka, hajui pa kuanzia, nami sina wakati wa kumwelekeza. Kamande akafikiri. Akasema basi nimwambie huyo rafiki wa Junju, mwenye kuku kwenye kiti cha nyuma, kwamba anunue kopo la dawa ya kusugulia na vitambaa laini. Asugue mahali padogo, ukubwa wa sahani, akimaliza ahamie sahani nyingine. Asikae juani. Na kwenye kingo asikandamize hata kidogo, kwani rangi ya kingoni ni nyembamba kama ganda la nyanya. Ukilitoboa ndio basi.

Nikamwambia yote hayo rafiki yangu anayajua. Kisha nikajificha nyuma ya rafu ya matairi nikayaandika kiganjani.

Nikiondoka na kopo langu akaniita: "Mzee Dena, mwambie rafiki yako akishindwa, wale wanunuzi wa vyuma chakavu hupita hapa Ijumaa." Wateja wakacheka. Nikacheka pia, kwa niaba ya rafiki yangu.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya hofu, kisha siku ya ushindi. Naandika kwa mpangilio.

Nilianza kwenye boneti. Sahani ya kwanza. Fulana nyeupe nimeikunja vizuri, dawa kidogo, duara, duara, duara. Nikageuza fulana. Nyekundu! Nikajaribu tena polepole. Nyekundu zaidi, kama niliyechinja. Nikakaa chini. Limestahimili jua miaka yote hii, mimi nimelichuna ngozi kwa dakika kumi. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia shemeji. Nikaona maneno hayatoshi, nikaanza kufikiria kuhamia Junju kwa yule rafiki yangu, kisha nikakumbuka sina rafiki Junju.

Pamela alinikuta hivyo. Akaokota kopo akasoma maandishi ya nyuma, ambayo sikuyasoma kwa kuwa ni madogo mno kwa mtu wa kiwango changu. Akasema yameandikwa wazi kwamba rangi iliyokufa itatoka na kitambaa, ya chini iko salama. "Wewe futa kwanza, ndiyo ulie."

Nikafuta.

Sijui niandikeje. Kwenye lile boneti la ufizi palikuwa na sahani moja nyekundu, nyekundu ya kweli, ya embe dodo likiiva upande wa jua. Nikaona meno yangu humo ndani. Nikaona hata lile pengo. Pamela naye akainama akajiona, akarekebisha kilemba chake. Mke wangu hajawahi kujitazama kwenye kitu nilichokitengeneza mimi. Akaenda akaniletea kiti.

Hadi jioni sahani tisa. Nimewaambia wapita njia wote kwamba nilijua tangu mwanzo.

Jumamosi, 26 Julai

Kopo limekwisha. Gari halijafika nusu. Kumrudia Kamande kungekuwa kukiri kitu, sijui kitu gani, lakini kungekuwa kukiri. Nikaenda ufuoni nikaokota mifupa ya ngisi, ile myeupe myepesi inayotupwa na bahari, kapu zima. Nikaisaga kwenye kinu cha Pamela, nikachekecha mara tatu kwa leso yake, nikachanganya na mafuta ya nazi. Ukishika unga wake ni laini kuliko wa sima.

Inafanya kazi. Narudia, inafanya kazi kuliko ya dukani. Ubavu wote wa kulia sasa ni mwekundu. Mtu wa pikipiki aliyekuwa akipita alisimama kujinyoa ndevu. Sawa, hakujinyoa, lakini alijishika kidevu.

Pamela anasema pilipili ya kinu inanuka pwani. Ndivyo pilipili ya Ganda inavyopaswa kunuka.

Jioni nikahamia ubavu wa kushoto, na hapo nikakutana na adui. Mlango wa nyuma, ule ule atakaoingilia bibi harusi. Nilipoondoa unga mweupe ikatokea mikwaruzo. Si mmoja. Mirefu, mifupi, imekwenda hadi kwenye bati na kuota kutu, mingine imechanua mwishoni kama meno ya reki. Juu kabisa, kitu chepesi mfano wa sahani iliyopinduliwa.

Nikachunguza. Nikapima urefu kutoka chini. Pembe. Beberu wetu, na hakuna mwingine. Nikamtazama, akanitazama, hakukana.

Nimepitisha hukumu. Beberu atatolewa mchango wa harusi. Pamela amepinga kwa sababu ni wake. Nikamwambia haki haina jamaa.

Jumatatu, 28 Julai

Jana baada ya kanisa na leo kutwa, mlango wa nyuma wa kushoto. Unga wa ngisi, mikwaruzo ipo. Majivu, ipo. Nikamrudia Kamande. Nikamwambia wazi, kiume, kwamba rafiki yangu wa Junju ana mkwaruzo mlango wa nyuma kushoto na ataufuta hata ikibidi afie hapo. Kamande akaniuzia msasa wa maji, ule laini kabisa. Akasema mkwaruzo ukishafika kwenye bati, msasa hautoi, hata rafiki yangu awe nani. Nikamjibu hamjui rafiki yangu.

Saa tatu za msasa na maji. Kiwiko changu hakikunjiki tena, nimekula kwa mkono wa kushoto kama mtu asiye na adabu. Lakini ushindi mmoja upo: ile sahani ya juu iliyokuwa nyepesi imetoka yote. Safi. Hujui kama ilikuwepo. Michirizi ya chini imebaki, inanikodolea macho.

Kwa hasira nikahamia ukingo wa boneti nikausugua kwa nguvu zote zilizokuwa za mlango. Ganda la nyanya. Pametokea kipara cha kijivu, ukubwa wa kiganja, mbele kabisa, mahali ambapo kila mtu wa kanisani ataanza kutazama.

Kamande akapita wakati huohuo na gari lake la fedha. Akapunguza mwendo. Akashusha kioo. Akatazama kipara, akatazama mimi, akapandisha kioo polepole. Afadhali angesema kitu.

Zimebaki siku tatu. Sijala chakula cha jioni. Nimeonja tu, sahani mbili.

Jumanne, 29 Julai

Nimezaliwa mara moja tu na hiyo ilitosha kwa nchi nzima.

Asubuhi nilikuwa namtazama Pamela akipalilia mzingefuri wake pale nyuma ya jiko. Zile mbegu nyekundu ndani ya maganda ya miiba, ambazo watoto wa kike hujipaka midomoni na yeye huzitia kwenye mchuzi upate sura. Nikajiuliza: zikiupaka mdomo, zitashindwa vipi na boneti?

Nilivuna zote. Nikaziloweka kwenye mafuta ya nazi ya moto. Mafuta yakawa mekundu hadi nikayaogopa. Nikachovya pamba, nikapaka kwenye kipara mara moja, mara mbili, mara saba. Kijivu kikazama. Kipara kikawa chekundu kuliko gari lenyewe.

Tatizo ni hilo. Sasa kilionekana kama gari lina kipande kimoja kizuri. Basi nikapaka gari zima.

Nikaliacha kivulini, nikaenda hadi barabarani, nikageuka ghafla kama mgeni. Wallahi, na mimi ni Mkristo, lilikuwa linawaka. Hata siku kaka Gona alipolileta kutoka Mombasa halikuwa hivi. Pamela alitoka jikoni akasahau alichokuwa akitaka kunigombeza. Kisha akaona mti wake hauna hata tunda moja, akakumbuka.

Jumatano, 30 Julai

Taarifa fupi. Mzingefuri haukauki. Ukigusa gari, unaondoka na rangi. Ukimgusa mtu, naye anaondoka nayo. Shuka yetu imegusa, mto umegusa, paka amegusa. Viganja vyangu ni vyekundu na havitoki kwa sabuni, kwa ndimu wala kwa mchanga.

Nimekwenda mitumbani Malindi nikanunua glovu nyeupe. Nitasema madereva wa harusi kubwa huvaa hivyo. Nadhani kweli huvaa.

Alhamisi, 31 Julai

Saa kumi alasiri shemeji Janet akaja. Kamande naye akaja, hakualikwa, na lile gari lake, eti lisipofaa ampe mama lifti ya kurudi.

Nilikuwa nimejipanga. Pijo nimeliegesha ubavu wa kushoto umeshikana na ukuta wa jiko, na kwenye ule mlango nimening'iniza leso mpya ya Pamela. Shemeji alilizunguka upande uliozungukika. Nikawa naongea mimi. Nilieleza habari za Mwitaliano, safari hii walikuwa Waitaliano watatu. Kamande akauliza leso ni ya nini. Nikamwambia hiyo ni heshima ya bibi harusi, mtu wa bara hawezi kuijua. Akauliza kwa nini nimevaa glovu kwenye joto hili. Nikamwambia hiyo pia.

Shemeji akafungua mlango wa dereva kwa ncha ya kanga, akapanda, akasogea akakaa pale alipokuwa akikaa enzi zile, mkono mmoja juu ya dashibodi. Alikaa muda mrefu. Kuku mmoja akaja kudai kiti chake cha nyuma, nikamfukuza kwa mguu.

Mwishowe akashuka. "Shemeji," akasema, "saa nne kanisani. Usichelewe kama unavyochelewa kila mahali." Akanishika bega. Akampungia Kamande mkono, kwamba atakwenda kwa miguu.

Nilingoja afike kwenye kona. Kisha nikacheza peke yangu uani.

Jumamosi, 2 Agosti, asubuhi

Saa tatu. Beberu alikwenda jana bila maneno. Gari limewaka kwa ufunguo! Glovu zipo. Nimebeba leso sita za Pamela kutandika kiti na mlango, gauni jeupe lisije likagusa kitu. Ile leso mpya ipo palepale, inaficha kazi ya pembe.

Naondoka. Ganda itasimama.

Jumapili, 3 Agosti

Ganda ilisimama.

Niandike polepole, kila kitu kiingie.

Nilifika kwa shemeji saa tatu na nusu, honi tangu kwenye njia panda. Wanawake walitoka na vigelegele. Watoto wakalifuata gari huku wakijitazama kwenye milango. Mzee mmoja wa upande wa Marvin akauliza hili ni la mwaka gani. Nikamwambia bado halijatoka.

Kamande alikuwa amefika na lake, eti la akiba. Suti ya rangi ya krimu, kuanzia juu hadi chini. Alipoona hatazamwi akaja akakaa kwenye boneti langu, kabisa, makalio yote mawili, akawaambia vijana wampige picha na hili gari la makumbusho. Nilifungua mdomo nimwonye. Nikaufunga.

Kabibi akatoka. Sitaki kuandika alivyopendeza, karatasi italowa. Nikamtandikia leso nne kwenye kiti, mbili kwenye ukingo wa mlango. Akawa anakuja polepole, gauni limeinuliwa na mashangazi. Na hapo upepo wa kusi, ambao sikuuweka kwenye hesabu, ukaivua ile leso ya mlangoni ukaipeleka kwenye mihogo.

Michirizi ikabaki wazi mbele ya watu wote. Shemeji akanitazama. Nikakumbuka ahadi yangu, hata mmoja. Nikatafuta pa kutokea.

Kabibi akachuchumaa. Na gauni lile lile. Nikaliwahi gauni kwa leso. Akaweka kiganja chake chenye hina juu ya ile michirizi. Kisha akanitazama, macho yamejaa, akasema: "Baba mdogo, umeniachia."

Sikujua nimemwachia nini. Nikaitikia kwa kichwa.

Akawaeleza watu. Alikuwa na miaka sita. Alichukua msumari akajichora yeye na babake wameshikana mikono, kwenye mlango, na babake akamkuta msumari ungali mkononi. Akangoja kiboko. Babake akatazama sana mchoro, akatoa ufunguo mfukoni, akajiongezea kitu kidogo kwa ncha yake, polepole asiumize rangi, akasema sasa ndiyo wamefanana. Hakuruhusu fundi yeyote auguse. Tangu kile kikao cha harusi, niliposema hata mkwaruzo mmoja hautabaki, yeye Kabibi hakulala vizuri, lakini aliona haya kuniambia, mimi ninavyojitolea.

Nikatazama. Kweli, ni watu. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Yale meno ya reki ni vidole.

Akageuza kiganja. Chekundu chote. Nikamnyooshea leso haraka. Yeye akacheka katikati ya machozi. Akasema lilikuwa linatoa rangi hivyo hivyo kila Jumamosi alipoliosha na babake, mikono ilikuwa hivi hivi.

Hapo watu wakanigeukia na mimi, kama mnavyonijua, sikuwaangusha. Nikavuta suti. Nikasema nilipouona mchoro ule nilijua mara moja. Nikasema kila fundi wa Malindi aliniambia niufute, nikawajibu hapo hapaguswi, afadhali mnikate mkono. Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji Janet, ambaye hajawahi kunisifu tangu aolewe, alijifuta macho kwa kanga akasema kumbe marehemu aliacha mdogo wake mwenye moyo.

Nyuma ya umati nikamwona Kamande. Yule aliyeniuzia msasa wa mlango wa nyuma kushoto. Amekunja mikono, tabasamu linaanza kumpanda usoni, na mdomo unafunguka: "Lakini Mzee Dena, si ni wewe uliyesema..."

Nikamfikia kabla ya neno la mbele. Nikamnong'oneza ageuze shingo ajitazame nyuma. Akajitazama. Suruali ya krimu ilikuwa na alama mbili nyekundu, za duara, kubwa kama sinia za biriani. Nikamwambia nina koti la ziada la kufunga kiunoni, na kwamba mimi ni mtu wa siri nikitendewa siri. "Lete koti, mzee," akasema. Tangu hapo hadi jioni alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko yule wa Junju.

Kabla ya kupanda, Kabibi alipapasa tena mlango, juu ya kichwa cha yule mtu mrefu. Akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, mbona baba alikuwa na kofia, kofia imekwenda wapi, ndiyo aliyojiongezea kwa ufunguo. Nikamwambia jua, mwanangu. Jua la Ganda halina huruma. Akasema kweli, akapanda.

Saa nne kamili kanisani, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Gauni halikupata hata nukta. Glovu zangu zilikuwa za waridi kufika wakati wa kiapo, watu wakadhani ndiyo mtindo, kijana mmoja akaniuliza nilizipata wapi. Nilikaa meza kuu, nikapewa maini. Yalikuwa ya beberu. Matamu. Nilimsamehe.

Jumatatu, 4 Agosti

Simu haipumziki. Babake Marvin amenipigia kutoka Matsangoni. Ana gari la zamani, limepauka, ameona maajabu yangu, hataki fundi mwingine. Analileta Jumamosi. Nikamwambia asijali, asiniulize ninatumia nini. Nimeshakwenda kwa majirani watatu kuvuna mzingefuri, ndoo nzima imeloweka hapa miguuni mwangu.

Pamela ameniuliza gari lenyewe ni la rangi gani. Nikamwambia nyeupe. Amenitazama, akaingia ndani kukusanya shuka.

Kamande naye kaja kurudisha koti. Nimemwambia nikimaliza la Matsangoni nitalishughulikia la kwake, hilo la fedha limepooza kidogo. Ameondoka haraka, sijui alikuwa akiwahi nini.

Limebaki jambo moja, nitaliandika kwa herufi ndogo kwa kuwa serikali haina haja nalo. Mchoro ule sikuuacha. Niliusugua siku mbili kwa kila kitu nilichokuwa nacho na ukanishinda.

Na kofia ya kaka yangu niliifuta mimi.